Kila Kazi na Mfuko Wake: Kutunza Vitambaa na Vyombo vya Kushonea kwa Gharama Ndogo

(Mazungumzo kwa washonaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe)



Katika ng'ambo zote tatu za kisiwa cha Mombasa, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini, na Changamwe upande wa magharibi, ni vigumu mtu kupita mitaa miwili asisikie mlio wa cherehani. Barazani fundi anashona sare za shule. Uani mama anadarizi kofia ya viua. Chumbani binti anaunganisha vipande vya leso kuukuu ili awapatie wadogo zake mfarishi wa kulalia. Kazi hizi zote huwalisha watu na kuwavika. Lakini wengi wazifanyao hupata hasara wasiyoiona, kwa sababu haitokani na ushonaji wenyewe, bali hutokana na namna wanavyoweka vitambaa, nyuzi na sindano zao baada ya kazi.

Kitambaa kizuri hufanya kuvu wakati wa masika. Sindano hushika kutu, ikaacha doa jekundu katika kofia nyeupe iliyogharimu kazi ya wiki nyingi. Kipande cha mteja huchanganyika na vipande vya mteja mwingine, mwisho ni ugomvi. Mshonaji hununua uzi mweusi mara tatu, kumbe nyumbani anao rili nne chini ya kitanda. Fedha zinazopotea hivyo ni kidogo kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chaweza kumwagika kwa njia iyo hiyo kilivyojazwa.

Dawa ya mambo haya si kabati la mvule. Wengi wa washonaji wa bara ya Mombasa hukaa katika chumba kimoja, na chumba hicho ndicho cha kulala, cha kupokea wageni na cha kufanyia kazi. Kwa hiyo maneno yafuatayo yamepangwa kwa ajili ya mtu mwenye chumba kimoja, kitanda kimoja, na vitu ambavyo watu huvitupa.

Heshima ya vipande

Kwanza haifai mtu kudhani kwamba vipande ni takataka. Husimuliwa kwamba leso yenyewe, vazi la heshima la wanawake wa pwani, ilianza kwa kazi ya vipande. Katika karne ya 19 wanawake walinunua vitambaa vya mkononi vilivyouzwa kwa jora, wakakata vipande sita, wakaviunga vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana. Jina la leso limetoka katika lugha ya Kireno, na maana yake ni kitambaa cha mkononi. Hivyo aunganishaye vipande hafanyi kazi ya umaskini. Anafuata njia ya bibi zake.

Hata ng'ambo ya bahari kazi hii yapewa heshima. Huko Gee's Bend, kijiji cha watu weusi katika jimbo la Alabama, Marekani, wanawake walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa na magunia ya nguo, ili watoto wao wasipate baridi. Mwaka wa 2002 mifarishi hiyo ilionyeshwa katika jumba la sanaa la mji wa Houston, na baadaye katika miji mingine mikubwa, na watu walikwenda kuitazama kama watazamavyo picha za wachoraji mashuhuri. Kama vipande vile vingalioza katika pembe ya nyumba, pasingalikuwa na cha kuonyesha.

Nchini Kenya pia, tangu kuanzishwa kwa chama cha Maendeleo ya Wanawake mwaka wa 1952, akina mama wengi walijifunza ushonaji katika vikundi vyao. Walifundishwa kukata na kushona; na anayejua kukata na kushona yampasa ajue pia kutunza.

Maadui wanne

Mshonaji wa Mombasa ana maadui wanne: unyevu, kutu, wadudu, na mchanganyiko. Akiwajua hao, atajua mahali pa kuweka kila kitu.

Unyevu ndio mkubwa wao. Kuvu huota katika nguo iliyokaa mahali penye hewa nzito isiyotembea, na hewa ya Mombasa ni nzito karibu mwaka mzima, zaidi sana mvua ya masika inapozidi mwezi wa Mei. Nguo iliyofanya kuvu huwa na vidoa vyeusi kama vumbi la makaa, na mara nyingi vidoa hivyo havitoki kwa sabuni. Watu wengi hudhani kwamba dawa ni kufunga kitambaa ndani ya plastiki. Hilo lafaa tu ikiwa kitambaa ni kikavu kabisa. Kikiwa na unyevu kidogo, plastiki huuzuia unyevu ule usitoke, na kuvu hustawi. Isitoshe, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, wala haifai tena kuwa ghala ya mshonaji.

Kilicho bora ni chombo kinachopumua. Kikapu cha mwaa au cha ukindu, kinachosukwa na akina mama wa pwani hii hii, hupitisha hewa na kuzuia vumbi. Mfuko ulioshonwa kwa leso kuukuu au kwa gunia la nguo hufanya kazi iyo hiyo. Chombo kisiegemee ukuta, maana ukuta wa mawe ya pwani au wa udongo hunyonya maji ya mvua. Kiachwe shubiri moja toka ukutani. Wala kisikae sakafuni. Kiinuliwe juu ya matofali mawili au ubao. Wenye sanduku la bati la shule walitumie, lakini walifungue mara moja kila wiki siku ya jua, na ndani yake waweke vipande vichache vya makaa makavu vilivyofungwa katika kitambaa, visije vikachafua nguo. Makaa hayo hunyonya unyevu kidogo. Yaanikwe juani kila baada ya wiki mbili.

Kitambaa chochote kabla ya kuwekwa kianikwe mpaka kikauke, kisha kiachwe kivulini kipoe ndipo kikunjwe. Cha rangi kigeuzwe ndani nje, na kisiachwe juani kutwa, kwa sababu jua la pwani hufifisha rangi upesi.

Adui wa pili, kutu, ametoka katika udugu wa chumvi na unyevu. Sindano na pini ziwekwe katika chupa ndogo yenye kifuniko cha kukaza, pamoja na kitambaa kidogo kilichopakwa tone moja la mafuta ya cherehani. Kabla ya kushona, sindano ipitishwe mara mbili katika kipande kikuukuu ili mafuta yafutike. Na hii ni amri isiyo na ruhusa ya kuvunjwa: sindano isiachwe ndani ya kazi usiku kucha. Makasi yafutwe, yapakwe mafuta membamba, yavikwe ala ya kitambaa kinene. Na makasi ya nguo yasikate karatasi, maana huwa butu.

Wadudu ndio adui wa tatu. Nondo wa nguo hula sufu na hariri, wala hana haja na pamba safi. Wanaoharibu pamba ni mende, pamoja na kijidudu kile cha rangi ya fedha kisicho na mabawa, ambacho hukimbia mtu afunuapo vitabu vya zamani. Hawa hupenda wanga. Leso mpya na marekani mpya huja na wanga uliotiwa kiwandani. Basi kitambaa kipya kifuliwe kabla ya kuwekwa akiba. Kufua huko kuna faida nyingine mbili: kitambaa hurudi kabla ya kukatwa, na rangi isiyoshika hujulikana mapema. Wekundu wa kisutu ukiwa bado unachuja maji, usishonwe pamoja na kitambaa cheupe. Maboksi ya karatasi nayo yaepukwe, kwa kuwa hunywa unyevu, huficha mende, na mchwa huyapenda.

Watu wa pwani wamezoea kuweka majani ya mwarobaini katika nguo. Ni desturi njema na haigharimu kitu. Majani yakaushwe kivulini mpaka yavunjike mkononi, yatiwe katika kimfuko cha nguo, na yabadilishwe kila baada ya miezi michache.

Panya hawakusahauliwa. Mwenye kutundika kikapu chake darini achukue kopo tupu, alitoboe katikati, apitishe kamba ndani yake, na kulifungia fundo mdomo ukitazama chini. Panya ashukaye kwa kamba hufika juu ya kopo, akateleza, asiweze kupita.

Hatari ya vidonge vyeupe

Hapa pana neno zito, na kila mzazi na alisikilize. Madukani huuzwa vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kuwekwa katika nguo ili kufukuza wadudu. Vingi vimetengenezwa kwa nafthalini. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kitu kimoja katika chembe nyekundu za damu, nao madaktari huuita upungufu wa G6PD. Upungufu huu hupatikana sana katika nchi zenye malaria, na pwani ya Kenya ni mojawapo. Mtoto mwenye upungufu huo huonekana mzima kama wenzake. Lakini akifunikwa mfarishi au akivikwa nguo iliyokaa na nafthalini, mvuke wake waweza kuvunja chembe za damu yake. Huwa na manjano machoni, hupauka, na mkojo wake huwa wa rangi nyeusi kama chai ya rangi. Mtoto mchanga aweza kufa, au akapona akiwa na madhara katika ubongo.

Basi vidonge hivyo visikaribie kabisa nguo, kitanda wala mbeleko ya mtoto mchanga. Pia visiwekwe mahali ambapo mtoto anayetambaa aweza kuviokota, maana hufanana na peremende. Mtoto akionekana na dalili zile, apelekwe hospitali siku ile ile, na mama amwambie daktari kwamba nguo zilikaa na dawa hiyo. Jani la mwarobaini lilitosha. Haifai kununua hatari kwa fedha.

Adui wa nne: mchanganyiko

Adui wa mwisho haonekani kama adui, kwa sababu mshonaji humfuga mwenyewe. Vitambaa vyote hutiwa katika gunia moja, na kila anapotaka kipande kimoja humwaga gunia zima. Nusu saa hupotea kwa kutafuta, nusu nyingine kwa kukunja upya. Na asiye na subira hununua kingine.

Kanuni ya kumshinda adui huyu ni fupi: kila kazi na mfuko wake. Kazi moja ikianza, kila kitu kinachohusika nayo hukaa pamoja katika mfuko mmoja, yaani vipande, uzi wa rangi yake, vifungo, zipu na kigezo, mpaka kazi iishe. Mfuko washonwa kwa mabaki, wenye kamba ya kukazia mdomoni, na kila mmoja uwe wa rangi mbalimbali ili utambulike kwa mbali. Misumari sita juu ya ukuta wa ndani usiolowa mvua yatosha kutundika kazi sita.

Tuseme mtu ataka kushona mfarishi wa kitanda cha mtoto, upana inchi 36 na urefu inchi 48. Akitumia vipande vya mraba ambavyo baada ya kushonwa ni inchi 4 kila upande, atahitaji safu 9 zenye vipande 12 kila moja, jumla vipande 108. Akate kila kimoja inchi 4 na nusu, ili robo inchi ya kila upande iende katika mshono. Kigezo kikatwe katika karatasi ngumu, na kitiwe katika mfuko wa kazi hiyo, kisitumiwe kwa jambo jingine. Vipande vikiisha kukatwa, vipangwe sakafuni juu ya mkeka mpaka rangi zipendeze. Kisha kila safu ikusanywe kwa mpango wake, itungwe kwa uzi mmoja katikati kama nyama katika kijiti cha mshikaki, na kufungiwa karatasi yenye namba, kuanzia 1 hadi 9. Hata kama mgeni akiingia, au mtoto akilia, au kazi ikilazwa miezi miwili, mpango haupotei. Mshonaji huchukua safu moja tu, akaenda nayo hata kwenye foleni ya feri ya Likoni.

Leso kuukuu itakayokatwa ichaguliwe kwa akili. Pindo hukatwa peke yake, likakunjwa kwa urefu, kwa kuwa hufaa kuzungushia mfarishi. Sehemu ya mji hukatwa vipande. Penye jina, yaani yale maneno ya leso, wengi hupendelea kupabakisha pazima na kupashona katikati, hasa leso ikiwa ya mama au bibi aliyekwisha kufariki. Vipande visivyofika inchi mbili havina haja ya kupangwa. Viende katika gunia la kujazia mito.

Kwa kofia ya mkono sheria ni kali zaidi, kwani kazi yake ni ya wiki nyingi, pengine miezi, na weupe wake ndio bei yake. Ifungwe ndani ya kitambaa cheupe kilichofuliwa, kitambaa hicho kitandazwe mapajani wakati wa kushona, na kazi irudishwe ndani yake kila inapowekwa chini, hata kwa dakika tano. Mikono ioshwe kwanza; jasho la leo ni doa la manjano la mwezi ujao.

Vyombo vidogo vina makao yake pia. Mikebe ya maziwa na chupa zenye mdomo mpana hufaa kwa vifungo. Kifungo kimoja kishonwe nje juu ya kitambaa kinachofunika kifuniko, ili ijulikane kilichomo bila kufungua. Rili za uzi zipigiliwe misumari juu ya ubao, au zitungwe katika waya kwa mpango wa rangi. Mtungi wa mafuta wa lita 20, ukikatwa juu na kuoshwa vizuri kwa sabuni na maji ya moto, huwa pipa jema la mabaki. Na uvungu wa kitanda hutosha ubao wenye magurudumu au katoni za mbao zilizotolewa mizigo, maadamu haukai maji.

Kitambaa cha mteja ni amana

Fundi ashonaye kwa malipo ana wajibu mkubwa kuliko ashonaye kwa ajili ya nyumba yake. Kitambaa alichopewa si chake, ni amana. Karibu na Idd, na wiki zile shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, kazi humiminika, na ndipo amana hupotea.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi awe na daftari la shule. Kila kazi ipewe namba. Mbele ya namba yaandikwe jina la mteja, vipimo vyake, wari alizoleta, fedha alizotanguliza, na siku aliyoahidiwa. Namba hiyo hiyo iandikwe katika kipande cha nguo nyeupe, kishikizwe kwa uzi katika kitambaa cha mteja; si kwa pini, maana pini itaacha kutu. Vitambaa vipangwe kwa siku ya kutolewa, vya karibu vikiwa juu. Na mabaki baada ya kukata ni mali ya mteja. Yakunjwe, yatiwe katika mfuko wa kazi yake, naye aulizwe kama ayataka. Wengi watasema, "Chukua, fundi." Lakini kipande kilichotolewa kwa ridhaa na kipande kilichofichwa havishoni mfarishi mmoja.

Fundi wa namna hii hahitaji kujitangaza. Mteja aliyerudishiwa hata shubiri mbili za mabaki yake huwaambia majirani, na majirani huleta kazi.

Cherehani na moto

Cherehani ifunikwe kila jioni kwa joho la kitambaa, baada ya kupigwa mswaki chini ya meno ambako nyuzi na vumbi hujikusanya. Itiwe mafuta ya cherehani, wala si mafuta ya kupikia, kwa kuwa hayo huganda kama gundi na kukaza mashine. Ikisha kutiwa mafuta, ishonwe kwanza juu ya kitambaa kibovu.

Tena, vipande vya nguo ni kuni kavu. Katika chumba kimoja chenye jiko, pasi ya makaa na taa ya mafuta, gunia la mabaki likae upande wa pili, mbali na mlango, ili moto ukizuka lisizibe njia ya kutokea. Pasi iliyokwisha kutumiwa ipozwe nje, juu ya jiwe.

Siku moja kila mwezi

Baada ya kupanga, kazi iliyobaki ni kutunza mpango. Ichaguliwe siku moja kila mwezi. Siku hiyo mifuko yote ishushwe, vitambaa vipigwe hewa, sindano zihesabiwe, na daftari lisomwe. Kazi ambayo haikuguswa tangu mwaka jana iamuliwe: imalizwe, au ifumuliwe vipande vyake viingie kazi nyingine, au apewe mtu atakayeimaliza. Mtu asinunue uzi kabla hajatazama ubao wa nyuzi, wala kitambaa kabla hajafungua kikapu chake.

Watoto na washirikishwe. Binti au mvulana wa miaka kumi aweza kupanga vifungo kwa rangi na kutunga safu za vipande. Na ajifunzaye leo kurudisha makasi mahali pake atakuwa kesho fundi anayeaminiwa. Kaya mbili tatu zenye cherehani katika plotu moja zaweza pia kushirikiana ubao mmoja wa nyuzi na sanduku moja la vigezo, kila mmoja akiandika alichochukua.

Vitu vilivyotajwa hapa ni kikapu, mkebe, chupa, kamba, misumari, daftari na majani ya mti uotao uani. Hakuna nyumba Likoni, Kisauni au Changamwe isiyoweza kuvipata. Aanze mtu na mfuko mmoja kwa kazi moja aliyo nayo mkononi sasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na mshonaji zaidi ya wote ajua kwamba tundu lishonwalo mapema huhitaji uzi mfupi.